Jina kwa Chaki

Jumatatu, 2 Machi

Mjukuu wangu amegawa madaftari leo asubuhi. Kila mfanyakazi moja, na kalamu juu yake, eti mtu aandike wazo lolote litakalomjia akiwa kazini. Nami nimechukua langu. Akanitazama. Nikamwambia, "Unashangaa nini? Mimi sifanyi kazi hapa?" Shule niliishia darasa la nne, na hata hilo la nne nililiacha nusu, lakini barua zote za karakana hii niliziandika kwa mkono huu kabla mama yake hajazaliwa.

Wazo langu la kwanza: madirisha yamejaa vumbi la mbao na hakuna anayeliona isipokuwa mimi.

Jumanne, 3 Machi

Kazi yetu ni majeneza. Marehemu mume wangu alianza na msumeno mmoja chini ya kibanda cha bati, mimi nikimshikia ubao. Alipotangulia nilibaki na mafundi na sikufunga mlango hata siku moja. Mjukuu huyu, mtoto wa binti yangu, ni meneja tangu mwaka jana. Mwenye karakana ni mimi.

Wateja wamepungua, sitaficha. Barabara kuu kuna duka la vioo ambako majeneza yamesimamishwa kama makabati. Mtu anaingia, ananyoosha kidole, anaondoka nalo. Kwetu lazima usubiri, kwa sababu kwetu jeneza halianzwi bila jina. Jina la marehemu linaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa chini kabla ya msumari wa kwanza. Sheria hiyo niliiweka mimi, ili mtu asilazwe ndani ya kitu kilichokuwa kikimngoja yeyote yule.

Jioni mjukuu amekuja ofisini akafunga mlango. "Bibi, nakwambia mapema ili usije ukasema sikukuambia. Mvua za masika zikiisha na bado anayefikiri humu ndani ni wewe peke yako, mimi naondoka. Na nikiondoka, karakana itafungwa siku utakayolala."

Amesema kulala. Ana adabu, ingawa kufa ndiko kunakotulisha.

Nikamwambia mlango ufunguliwe, joto.

Alhamisi, 5 Machi

Ametangaza kwamba kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana mashine zizimwe, watu wajaribu chochote wanachotaka, na hakuna atakayeulizwa kimetokea nini. Akaiita saa ya kujaribu. Nikasimama karibu na meza ya randa, wanapolainishia mbao, nione.

Wamefagia. Karakana nzima, ukuta hadi ukuta. Kisha wakafagia tena.

Jumanne, 10 Machi

Mshonaji, yule mjane anayeshona vitambaa vya ndani, amenijia na mkanda mkononi. Anasema nyumba za ghorofa zimekuwa nyingi, na kwenye kona ya ngazi wabebaji husimamisha jeneza wima, marehemu akateleza hadi miguuni. Anataka kushona mikanda laini chini ya shuka, ya kumshika.

Nikamwambia, "Mama, marehemu si gunia. Hafungwi. Nenda kashone."

Akaenda akashona.

Alhamisi, 12 Machi

Nimefukuzwa karakanani kwangu. Mjukuu kasema nisikanyage huko saa ya kujaribu ikianza, eti watu wananiogopa. Nikakaa ofisini dirishani nikiwatazama. Wakawa wananitazama wao. Seremala mkuu, ambaye sote tunamwita Kobe kwa mwendo wake, kanoa patasi zote hata zile zilizokuwa kali.

Jumatatu, 16 Machi

Sasa ni sanduku la maoni. Mjukuu alimwomba Kobe alitengeneze, na Kobe, uso mkavu kabisa, kamuuliza, "Niandike jina la nani kwenye ubao wa chini?" Watu wakacheka hadi dereva akakaa chini. Mimi pia nilicheka, nikageukia ukutani.

Limefunguliwa jioni. Kikaratasi kimoja. Sukari ya chai haitoshi.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua imeanza kweli. Paa linavuja pale pale pa mwaka jana.

Alhamisi, 26 Machi

Saa ya kujaribu. Mjukuu kawakusanya mafundi akawaambia, "Jamani, semeni hata upuuzi. Upuuzi naukaribisha." Wakatazamana kama waliomwagiwa maji. Mwishowe dereva akanyoosha mkono akasema yeye angependa gari la jeneza liwe na redio. Nani huyo anayekwenda makaburini na redio, jamani? Nilifungua dirisha nikamwambia hivyo.

Mjukuu akaenda kuwasha mashine kabla ya saa kwisha.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua. Wamefagia.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimerudi nyumbani nikavua viatu vya matope, nikaviweka mbele yangu hivi hivi bila kuviosha. Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Leo tulikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyefia kitandani kwake ghorofa ya juu kwenye nyumba zile za nyuma ya soko. Jeneza letu, mbao nzuri, jina lake nililiandika mwenyewe jana asubuhi. Mimi huenda na kila jeneza hadi litue, siachi hata kama mvua inanyesha mawe. Kobe alikuja, dereva alikuja, na wanaume wa jirani walijitolea kubeba.

Kupanda hakukuwa tatizo, jeneza tupu. Tukamlaza, tukamtengeneza, binti yake akamvika soksi nyeupe kwa mikono yake. Mvua ilikuwa inaingia ngazini kutoka juu na kila ngazi ilikuwa inateleza. Tulipofika kona, jeneza halikupita. Wakalisimamisha wima, kichwa juu. Nilisikia mwenyewe. Sauti ya mtu anayeshuka ndani ya ubao. Kisha mlio.

Ubao wa miguuni uliachia. Misumari ilikuwa yetu, ubao ulikuwa wetu, ulikuwa umelowa. Mguu mmoja wa yule mama ukatokea nje, na soksi yake nyeupe, mbele ya watu wote, mbele ya wajukuu wake waliosimama chini ngazini wakingoja.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga. Binti yake alikuwa nyuma ya wabebaji. Akapita katikati yao, akauzungushia ule mguu viganja vyake viwili, akaushika. Akashuka nao hivyo, kinyumenyume, ngazi kwa ngazi, jeneza likimfuata, hadi garini. Kobe akataka kupiga msumari, binti akamwambia, "Acha, fundi. Nimemshika."

Garini nilimsogelea kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyaandaa maneno. Akanitazama bila hasira yoyote, akasema, "Mama alikuwa hapendi miguu yake ionekane." Basi.

Ninawajua watu wanaotukana. Nawaweza. Huyu sikumweza.

Jumapili, 12 Aprili

Viatu nimeviosha.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimewaita wote. Nikauliza nani alipigilia ubao wa miguuni. Kobe kasema yeye. Nikauliza alipigilia vipi. Kasema, "Kama siku zote, Bibi." Nikauliza kama hakujua kwamba jeneza likisimamishwa ubao ule ndio unabeba mtu mzima. Akasema alijua. Dereva naye alijua, amelisikia likilia mara nyingi tu kwenye ngazi.

"Mlijua wote mkafyata midomo?"

Mshonaji alikuwa ameinamia cherehani yake, uzi unaingia kwenye tundu la sindano, unatoka, unaingia. Hakuinua uso. Tarehe kumi mwezi uliopita imo humu humu kwenye daftari na sihitaji kuifungua. Angeweza kusema mbele ya watu wote, mimi nilikwambia. Ningekuwa mimi ningesema, tena kwa sauti. Yeye alimaliza kutunga uzi akaendelea na kazi.

Nilivunja mkutano nikiwa sijamaliza nilichoanza.

Alhamisi, 16 Aprili

Mjukuu kasema leo hakuna kufagia. Leo wanatengeneza jeneza la majaribio, waligongegonge, walisimamishe ngazini, walivunje, walitengeneze tena, hadi lipatikane linaloshuka ghorofa bila kumwaibisha mtu. Mshonaji alete mikanda yake. Kobe achague mbao.

Kobe akauliza, "La nani?"

"La kujaribia."

"Nimekuelewa, dada. Lakini la nani?"

Mjukuu akaeleza. Anaeleza vizuri yule mtoto, nilimsikia hadi dirishani. Kobe akaweka penseli yake ya useremala mezani, taratibu, kama anavyofanya kila kitu, akasema yeye hapigi msumari kwenye jeneza lisilo na mwenyewe. Likisimama humu wiki nzima bila jina, litajipatia jina. Ana watoto. Wengine wakaweka vifaa chini mmoja mmoja. Hata yule anayepaka vanishi, ambaye hajawahi kuogopa chochote isipokuwa kuamka mapema, kasogea mlangoni.

Basi mjukuu akavua saa, akachukua nyundo mwenyewe. Akaweka ubao juu ya ubao. Mtu mmoja hawezi, lazima mwingine ashike upande wa pili. Akawatazama. Hakuna aliyeshika. Ubao ukaanguka, akauinua, ukaanguka tena. Mimi niko dirishani. Mume wangu alipoanza, nilimshikia mimi, na leo mjukuu wake anashikilia ubao kwa goti, na mimi niko nyuma ya kioo.

Sikutoka. Kiburi ni kitu kizito kukibeba ukiwa umekaa.

Nimefikiri jambo lingine pia. Mimi sikusema jeneza bila jina linaua. Nilisema ni kukosa heshima. Hiyo hofu wameipika wenyewe, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu sheria ilikuwa yangu na hakuna aliyethubutu kuuliza maana yake. Wangeuliza ningewaambia. Nadhani ningewaambia.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua kutwa. Duka la vioo limepeleka jeneza mtaa wetu wenyewe, limepita mbele ya mlango.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimeingia ofisi ya mjukuu kutafuta gundi. Vitabu vyake vimefungwa kwa kamba, picha ya mama yake imetolewa ukutani. Nikamuuliza, "Unahama?"

"Mvua zimebaki wiki chache, Bibi. Napunguza kazi ya siku ya mwisho."

"Hujawapa watu muda."

"Si wao ninaowangoja."

Nikasahau gundi.

Alhamisi, 23 Aprili

Saa ya kujaribu ilipoanza nilitoka ofisini. Mjukuu akanijia mbio, "Bibi, tulikubaliana," nikampita. Kobe alikuwa tayari ameshika ufagio. Nikamwambia, "Weka hicho. Niletee ubao wa chini, ule mrefu uliobaki wiki jana."

Akauleta. Akaulaza juu ya farasi wa mbao, vile vigoda tunavyokatia. Nikachukua chaki kwenye kopo.

Kuandika majina ya watu ni kazi niliyoizoea. Herufi zangu ni mbaya lakini zinasomeka, na hakuna marehemu aliyelalamika. Leo niliandika la kwangu. Jina langu na la baba yangu, yote mawili, na mwaka niliozaliwa kama mama alivyonikadiria. Chaki ni nyepesi. Mkono haukuwa mwepesi. Nilipofika herufi ya mwisho nilisimama kidogo, si kwa woga, nilikuwa nakumbuka inaandikwaje. Na kwa woga pia.

Nikamwambia Kobe, "Hili hapa lina mwenyewe. Mwenyewe amesimama mbele yako na hana haraka. Pigeni, vunjeni, toboeni, lisimamisheni hata kwa kichwa. Likiharibika, mnaharibu la kwangu, na mimi nimeruhusu."

Dereva ndiye aliyefungua mdomo, nani mwingine. "Bibi, na vipimo tuchukue?"

"Chukua. Na usinipunje kiunoni."

Kobe akavua kofia. Nilidhani anakwenda kukataa. Akasema, "Bibi, mimi siwezi kukupigia misumari wewe." Nikamwambia ulimpigia mume wangu na uliipiga vizuri, mbona mimi unanibagua. Akafuta uso kwa kofia ile ile akaivaa. Kisha akachukua nyundo.

Mjukuu alikuwa upande wa pili wa ubao. Tuliushika wote wawili, yeye huku na mimi kule, Kobe akapiga msumari wa kwanza.

Nilirudi ofisini nikanywa maji. Sitaki kuandika zaidi leo.

Jumamosi, 25 Aprili

Mshonaji kaniuliza kama napenda kitambaa cha rangi gani. Nikamwambia achague yeye, mimi nitakuwa nimelala. Akatabasamu. Sikujua ana mwanya.

Alhamisi, 30 Aprili

Jeneza limekamilika, na walitaka kulijaribu kwa magunia ya mchanga kwenye ngazi zetu za stoo ya mbao, zina kona mbaya kama ile. Nikawaambia mchanga hausemi kama mkanda unabana. Nikavua viatu nikaingia.

Mjukuu akasema hapana, Bibi, tafadhali. Nikamwambia jina la nani limeandikwa chini, langu au la gunia?

Mshonaji akanifunga mwenyewe. Kifuani, kiunoni, juu ya magoti. Mkanda laini, kitambaa cha shuka, na vifungo amevificha ubavuni, ukinitazama kutoka juu huoni kitu. Ananifunga na anaomba radhi kila kifungo. Nikamwambia, "Fanya kazi yako, mama. Kazi ni nzuri." Aliacha kuomba radhi.

Wakaweka kifuniko, na kipande cha ubao pembeni hewa ipite. Giza lenye mstari mmoja wa mwanga. Harufu ya vanishi mbichi. Nimeketi kando ya watu wengi waliolala ndani ya majeneza yetu, na sikuwahi kujua kwamba ndani mtu anasikia moyo wake hivi.

Wakaninyanyua. Ngazi ya kwanza, ya pili, nikawa nasikia wanavyohema. Kona. Wakanisimamisha wima. Nikaning'inia. Mikanda ikanishika, sikushuka hata inchi, na miguu yangu haikugusa ubao wa mwisho.

Wakashangilia. Halafu wakanisahau.

Simaanishi kwamba walikwenda. Walikuwa pale pale, wamelishikilia jeneza kwenye kona, na wakaanza kubishana. Kobe kasema mikanda sawa, lakini ubao wa miguuni usipigiliwe tena, uchimbiwe mfereji uingie ndani, hata ukilowa hautoki. Yule anayepaka vanishi kasema mfereji upakwe kabla ya kuunganishwa, siyo baadaye, amekuwa akilifikiria hilo tangu aanze kazi. Dereva kasema vishikio vya chuma vinateleza na mvua, vizungushiwe kamba. Na garini sakafu iwe na reli ya mbao, jeneza liingie lenyewe bila kusukumwa. Halafu akasema ile redio hakuitaka kwa muziki. Wenye msiba huwa wanakaa nyuma kimya na wanasikia kila mtikisiko wa jeneza nyuma yao, na yeye anaona nyuso zao kwenye kioo. Alitaka wasikie kitu kingine.

Nikiwa nimefungwa humo ndani nikakumbuka nilivyofungua dirisha.

"Mbona hayo yote hukuyasema?" ilikuwa sauti ya mjukuu wangu.

"Nimwambie nani, Randa? Anipitie nibaki maganda?" dereva akajibu.

Wakacheka, wote, hata Kobe, ambaye kicheko chake sijakisikia tangu mume wangu afe. Kumbe mimi ni Randa. Miaka yote hii watu wananiita Randa na mimi najiita mtu wa haki.

Kisha mshonaji akasema polepole, "Jamani. Yumo humu."

Nilisikia mvua juu ya bati. Nilikuwa na maneno ya kutosha kumpa kila mmoja vidonge vyake, yalikuwa yamefika mdomoni, yamepangwa. Lakini mikono ilikuwa imefungwa na kifuniko kiko juu, na nilijua nikisema lolote kubwa, wataweka jeneza chini na kwenda kufagia, na Alhamisi ijayo, na ile nyingine, na mjukuu wangu atabeba vitabu vyake vilivyofungwa kamba.

Nikasema, "Mkanda wa kifuani ushuke kidogo, unagusa koo. Mengine endeleeni."

Wakangoja. Nikanyamaza. Nadhani sijawahi kunyamaza kwa muda mrefu namna ile nikiwa macho.

Wakaendelea.

Ijumaa, 1 Mei

Mgongo unauma. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 7 Mei

Wamechimba mfereji. Wa kwanza ulipasua ubao. Nikamwona Kobe ananitazama upande, anangoja. Nikasema, "Ubao ni wangu, pasua mwingine." Wa tatu umekaa.

Jumatano, 13 Mei

Leo tumemshusha mzee mmoja kutoka ghorofa ya juu, mvua nyepesi, kona mbili. Lilisimama wima mara mbili. Hakuna kilicholia. Mjane wake alishuka nyuma akiwa ameshika mkoba wake tu. Ndivyo inavyotakiwa, mtu ashike mkoba wake tu.

Nimemtafuta yule binti wa mwalimu. Nilimkuta nyumbani kwake anaanua nguo. Nikamweleza tulichofanya, na kwamba wazo ni la mshonaji wetu. Alisikiliza hadi mwisho. Hakusema amesamehe, wala sikwenda kwa hilo. Akauliza mikanda ni ya kitambaa gani. Nikamwambia ni laini. Akasema, "Vizuri," akaendelea kukunja nguo, nami nikashika ncha ya pili ya shuka tukaikunja pamoja.

Jumatatu, 18 Mei

Sanduku la maoni limejaa. Matatu yanahusu sukari.

Alhamisi, 28 Mei

Hakujanyesha wiki nzima. Uwanja umekauka, mbao zimetolewa nje zianikwe. Kwa hesabu ya mtu yeyote mvua zimekwisha. Sikumuuliza mjukuu. Asubuhi amekuja na orodha ya mbao za kununua kwa kiangazi chote, akitaka tubishane kuhusu mninga. Tukabishana. Nilipopita ofisini kwake picha ya mama yake ilikuwa imerudi ukutani, na ile kamba ya vitabu dereva ameizungushia kishikio cha jeneza langu kuona kama inashika.

Jeneza langu limesimama stooni. Limetobolewa, limezibwa, limebadilishwa ubao wa miguuni mara sijui ngapi. Siku yangu ikifika nitalala ndani ya kitu ambacho kila mtu wa karakana hii amekigusa na kukibishania. Chaki chini yake imefutika kwa kushikwashikwa. Leo nimeandika upya.

Mchana nikavua viatu nikaingia. Dereva ana wazo la magurudumu, wazo baya, nimeliona kwa uso wake. Mshonaji akanifunga, akauliza kama nina la kusema kabla hawajaanza.

Nikamwambia sina. Wafunike.